Funguo za Msimamizi

Daktari alikuwa akiomba mkasi moyo wa Mwalimu Mkuu uliposimama. Mama huyo alikuwa amelazwa chali, bomba kooni, akitolewa mawe ya nyongo. Daktari wa usingizi aliitazama skrini, akasema, "Moyo umesimama." Muuguzi akapanda kigoda, akaanza kumkandamiza kifua.

"Mashine ya kuushtua moyo iko wapi?" daktari akauliza.

Iko ofisini kwa msimamizi wa hospitali, akajibiwa. Imefungiwa kabatini isichakae kabla wageni hawajaja kuikagua. Mhudumu akatumwa funguo, akakawia.

Mwalimu Mkuu alikuwa ameongoza shule miaka mingi, na alijua kuwa ukimtuma mtu, ujiandae kwenda mwenyewe. Akashuka mezani. Mwili aliuacha palepale, maana ulikuwa na shughuli.

Wifi yake alikuwa kwenye benchi la ukumbini.

"Wifi, mbona mapema?"

"Hatujamaliza. Moyo umesimama, na mashine imefungiwa."

"Nilikwambia upumzike. Lakini wewe nani akuambie kitu?"

"Tutagombana baadaye. Twende."

Msimamizi alikuwa akinywa chai. Mhudumu alisimama kando, akisubiri amalize.

"Karibuni. Mgonjwa ni nani?"

"Mimi," akasema Mwalimu.

"Pole, mama. Ila mgonjwa haruhusiwi kuchukua kifaa. Aje daktari."

"Daktari yuko tumboni mwangu."

"Basi akitoka."

Mwalimu akainua mkono aipige meza. Mkono ukapenya mbao bila kishindo, na hilo likamuudhi kuliko kufa. Wifi yake, ambaye mikono yake ilikuwa bado na uzito, akaipiga kwa niaba yake. Chai ikamwagikia suruali ya msimamizi. Akatoa funguo akinung'unika kwamba watu siku hizi hawana subira.

Wifi aliibeba mashine kifuani, akaikabidhi mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Mwalimu akarudi mezani, akajilaza vizuri asiwasumbue. Walipomshtua mara ya kwanza, moyo ulinyamaza. Mara ya pili ukaitika, shingo upande. Daktari akaendelea na mawe yake.

Alipozinduka wodini, koo likimuwasha, swali lake lilikuwa moja.

"Wameiacha pale chumba cha upasuaji?"

"Thubutu," akasema wifi. "Imefutwa, imerudishwa kabatini. Msimamizi kasema kuanzia leo funguo anaondoka nazo, maana ofisini hakuna usalama."

Mwalimu akafumba macho. Alipoyafumbua, mzee mmoja alikuwa akipita mlangoni, peku, amevaa gauni la upasuaji lililofunguka mgongoni. Alikuwa na haraka, na nyayo zake hazikutoa kishindo.

"Mzee wangu," Mwalimu akamwita kwa sauti ya kukwaruza, "ofisi imefungwa. Mwenye funguo kaenda nyumbani."

Mzee akasimama. "Nyumbani kwake ni wapi?"

"Mbali," akasema wifi.

Mzee akashukuru, akauliza kama kuna njia ya mkato.