Presi Iliyokwenda Ushago

Kidole gumba changu cha kushoto hakikunjiki tangu nilipokipiga nyundo nikitoa beringi ya Probox yetu. Nasema nikitoa, si nikimsaidia Kisilu kutoa. Mume wangu ni dereva wa lori. Gari likigoma, yeye hupiga simu. Anayelala chini ya gari ni mimi, hapa uani kwetu, mtaa wa Umoja, na majirani huniletea yao.

Beringi ikikwama kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, nyundo huiharibu. Yataka presi: nguzo mbili za chuma, boriti juu, na jeki la kusukuma polepole. Kwa kukosa presi nilikuwa nabeba habu mpaka Industrial Area, napanga foleni karakana, halafu naulizwa, "Mama, fundi wako yuko wapi?" Nilichoka kuulizwa. Nilitaka presi yangu, nifanye kazi yangu mlangoni pangu, basi.

Tulikwenda dukani pamoja. Nikachagua ya tani kumi na mbili, fupi, inayoenea chini ya mabati yetu na inayotosha gari lolote dogo. Kisilu hakuiangalia mara mbili. Alisimama mbele ya ile ndefu ya tani ishirini, akainua mkono mpaka ukagusa boriti, akatabasamu.

"Hii ndio presi, Mama Mwelu. Hiyo ingine ni ya watoto."

"Na mabati?"

"Mabati itainuliwa." Akamgeukia muuzaji. "Inafunguka? Naweza kuibeba vipande?"

Akili ni nywele, na siku hiyo zangu nilikuwa nimenyoa. Nilidhani anawaza mlango wetu mwembamba. Nilifurahi, jamani, nikaona mume ananipa kikubwa kuliko nilichoomba. Tulipofika nyumbani niliinua mabati mwenyewe, nikatoboa sakafu mashimo ya bolti.

Kesho yake nikaenda Kariokor kumnunulia Mwelu viatu. Kurudi, nikakuta mashimo tu, yamefagiwa.

"Imeenda ushago, kijijini kwetu, na lori ya kazi," Kisilu alisema, anakunywa chai. "Hapa ni kwa wenyewe. Landilodi akitufukuza? Kitu ya maana inakaa nyumbani."

"Nyumbani kuna gari gani, Baba Mwelu?"

"Itakuja."

Mwelu amezaliwa Umoja, amesoma Umoja, na bado kwa baba yake Umoja si nyumbani. Kitanda kizuri kiko ushago, sahani nzuri ziko ushago, sisi tunalia hapa na vilivyobaki. Nilitaka kumtupia kile kikombe. Sikumtupia, na mpaka leo najuta.

Desemba tukaenda kwao. Presi ilisimama karibu na ghala la Mwaitu, mama mkwe wangu, rangi bado mpya. Kwenye boriti alining'inia mbuzi, kichwa chini, na shemeji yangu Kimanzi akimchuna. Jeki lilikuwa limeondolewa lisipate damu; lilizuia mlango wa banda la kuku.

Majirani walimsifu Kisilu, mtoto asiyesahau kwao. Akaja kusimama kando yangu, uso unang'aa.

"Unaona? Ile yako fupi, mbuzi ingeburuta kichwa kwa mchanga."

Ndipo nikaukumbuka ule mkono alioinua dukani. Hakuna landilodi aliyemtisha. Siku ile alikuwa anapima mbuzi.

"Shemeji," Kimanzi aliita, "leta karai ya matumbo."

Nikaleta. Nikalishika chini ya presi yangu kwa mikono miwili, kidole gumba kimesimama peke yake, na matumbo yakaanguka humo yakiwa bado moto.