Kusafisha Sauti ya Mwalimu Haidar

Majirani walidhani tumenunua kompyuta kwa ajili ya maringo. Waache wadhani. Tuliinunua kwa sababu daktari mmoja huko Dar alimchungulia kaka yangu Haidar kooni kwa mpira wenye taa, akavua glavu zake, akatuambia kisanduku cha sauti kimeharibika na kitatolewa chote baada ya Idi. Kaka atapona, inshallah. Atakula, atatembea, atasali. Ila hatasema tena.

Mimi naitwa Samia, ni mdogo wake. Tangu mume wangu afariki naishi nao hapa Bagamoyo, yeye na mkewe Ashura, na sioni haya kusema kwamba siku ile nilimchukia yule daktari kana kwamba ni yeye aliyeuleta ugonjwa. Haidar mwilini hana kitu, mwembamba, kanzu inamning'inia. Alichonacho ni sauti. Amefundisha madrasa tangu ndevu zake nyeusi, ameadhini, amesoma kwenye maulidi kuanzia Mlingotini hadi Msata, na nimeona wanaume wazima wakijifuta machozi wakimsikiliza. Nyumbani sauti hiyohiyo ilikuwa na kazi moja tu, kumwita mkewe. "Ashura!" Na popote alipo, jikoni au uani, wifi anaitika, "Abee!" Kutwa kucha. Nilikuwa nawaambia hata kuku wetu watajifunza kuitika.

Wifi hakulia mbele ya daktari. Kabla ya kustaafu alikuwa mpiga chapa ofisini, na watu wa kazi ile hawaogopi mashine. Tulipofika nyumbani alisema, "Sauti yake haipotei. Tutairekodi yote."

Kompyuta aliileta Burhan mwenyewe. Burhan ana duka la simu na vifaa vya umeme, na tumekua naye mtaa mmoja, baba yake akiuza vitambaa mkabala na kwetu. Alipopiga hodi tu, mkono wa wifi uliruka, khanga ikapanda kichwani hata hajatazama ni nani.

"Burhan huyo, wifi," nikamtania. "Amekuona tangu bibi harusi, unamficha nini leo?"

"Hebu niache. Sauti ya mwanamume mgeni ikiingia ndani, mkono unakwenda wenyewe."

Burhan akaipanga mashine juu ya meza ya sebuleni. Ilikuwa ya mtumba, nzito, ina spika mbili pembeni. "Diski yake ndogo, Mama Adila," akamwambia wifi. "Usiijaze. Weka zile programu za lazima tu." Halafu akatoa flashi mfukoni. "Hapa ninazo za kila aina, za kulipia kabisa. Nimezichakachua, nakuwekea sasa hivi."

Kaka alikuwa amekaa kwenye mkeka. Sauti yake siku zile ilishaanza kukwaruza. "Umezichakachua maana yake nini, Burhan?"

"Hazijalipiwa, Mwalimu. Lakini ndivyo wanavyofanya wote."

"Basi ni wizi. Kisomo changu hakipiti kwenye kitu cha wizi. Ashura, tafuta za bure, za halali."

Burhan akairudisha flashi mfukoni, amenywea.

Basi tukaanza kutafuta za bure. Mimi nilidhani cha bure unakichukua tu kama embe lililodondoka barabarani. Kumbe ni kazi. Ukurasa mmoja una vitufe vitatu vya kupakulia, viwili ni vya uongo, na bando linakwisha hukohuko. Programu moja wifi aliyoiweka iliingia na wenzake, ikaleta mchezo wa karata na saa ya ukutani ambayo hakuna aliyeiomba. Alishinda mchana mzima akiwafukuza mmoja mmoja. Nilimwambia huo ni ugeni wa shangazi yetu wa Msata.

Lakini wifi ana subira ambayo mimi Mungu hakunipa. Alisoma, alilinganisha, alipima kila moja inakula nafasi kiasi gani. Ya kuandikia barua akaiweka. Ya kuzuia virusi ilikuwamo tayari, akaiacha. Ya kurekodi na kukata sauti ndiyo iliyomsumbua zaidi, mpaka akapata moja ambayo watu wengi waliisifu. Na kwa sababu diski ilikuwa ndogo, akaweka ya kufagia, ile inayozoa takataka ndani ya mashine ili kupata nafasi. Burhan akapiga simu kutaja nyingine, eti unaiandikia maneno nayo inayatamka kwa sauti. "Itamfaa baadaye," alisema. Kaka alitikisa kichwa kabla sijamaliza kumfikishia.

"Sitaki kusemewa na mashine."

Ikaachwa.

Walirekodia chumba cha nyuma, magodoro yameegemezwa ukutani na mlango umezibwa kwa blanketi. Joto la humo silitamani. Kaka anasoma, wifi ameshika kipanya, mimi naruhusiwa kukaa kwa sharti nisikohoe. Kisomo kilikuwa kizuri bado. Sauti ilichoka, lakini aliijua njia, aliipitisha pale ambapo haijaumia. Katikati alikuwa anasimama. "Ashura, lile jogoo lichinjwe." Anaendelea. Anasimama tena. "Ashura, maji." Mara nyingine, "Samia, usinichekeshe." Siku moja alisimama muda mrefu, tukadhani amechoka, akasema polepole, "Ashura, unakumbuka nilivyokuja kwenu kuposa na viatu vya kuazima?" Wifi akasema, "Soma, Mwalimu, mashine inakwenda." Akacheka, akasoma.

Jioni wifi anaketi kusafisha. Ile programu ya bure ilikuwa hodari, sitaki kuisingizia. Unaionyesha kipande cha kelele, pikipiki au feni, halafu inaichomoa kelele hiyo kote. Maneno ya katikati aliyakata kwa mkono. Aliyekata ni wifi, lakini aliyetoa amri ni kaka.

"Ya nyumbani yaondoe yote," alimwambia. "Haipendezi mtu anasikiliza aya, mara anasikia mzee anaulizia maji. Ni kukosa adabu. Kisomo kibaki peke yake."

Na alikuwa na haki. Nani angembishia? Nimelelewa nyumba ambayo hata redio ilizimwa kabla ya kisomo na haikuwashwa mara baada yake. Wifi akakata kila "Ashura" aliyoikuta. Alikuwa na sikio kali, hakuacha hata pumzi. Alipomaliza akahifadhi zilizo safi, akazifuta zile za mwanzo kwa kuwa zilikuwa nzito na diski imeshajaa, halafu akaiita ile ya kufagia. Ikafagia. Ikaandika kwenye kioo kwamba nafasi kubwa imepatikana, na mimi nilimpongeza wifi yangu kama mtu aliyeshinda kesi.

Baada ya Idi wakamkata.

Alirudi na tundu shingoni, limefunikwa kitambaa cheupe, na humo ndimo anamopumulia. Walitufundisha kulisafisha. Kinywa ni kilekile, meno yaleyale, anafungua kama anayesema na hakuna kitu. Akawa anaandika kwenye kibao cha watoto wa madrasa kwa chaki. Ukiwa mbele yake mnaelewana. Ukimpa mgongo, hayupo.

Sauti yake ilienea. Watu wa msikitini walikuja na flashi, wa Mlingotini wakatuma kijana, naye Adila, binti yao aliyeolewa Msata, akasema huko inachezwa kwenye maduka asubuhi. Wote walitupongeza, sauti safi, hakuna hata kelele moja. Wifi aliwashukuru mmoja mmoja.

Halafu mchana mmoja nikamkuta mbele ya kompyuta, spika zimewashwa, anafungua kisomo hiki, anasikiliza mwanzo na mwisho, anafunga, anafungua kingine. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Natafuta alipoita."

Sikumwelewa.

"Jina langu, wifi. Mahali popote. Nimeshasahau linavyotoka kwake. Nalitafuta kichwani, nasikia kisomo tu."

Nilikaa. Na mimi nilijaribu palepale kumsikia akisema "Samia, usinichekeshe," nikayapata maneno, sauti sikuipata.

Tulimwita Burhan. Akaja na programu nyingine ya bure, ya kufufua vilivyofutwa, akaiendesha tangu adhuhuri hadi alasiri. Ilileta majina ya mafaili mengi. Ukilifungua moja unasikia mkwaruzo, ukifungua jingine halifunguki. "Ile ya kufagia ilifanya kazi yake vizuri mno," Burhan alisema, macho yake chini. Tukatafuta kwingine. Simu ya kaka ilikuwa kitochi, haihifadhi sauti, na kwenye simu zetu sisi wengine hakuwahi kukubali kutumiana sauti, alisema salamu hutolewa uso kwa uso. Tukakumbuka video ya harusi ya Adila. Humo anaonekana wazi, amesimama karibu na jamvi, anamwambia wifi jambo na wifi anacheka. Yule mpiga video aliweka taarabu juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho.

Wifi aliitazama mara mbili, akaifunga.

"Kila mtu anayo sauti yake," alisema, "isipokuwa mimi niliyeisafisha." Ndipo akalia, kwa kelele, mbele ya Burhan, na Burhan akasimama akatutakia jioni njema kama mtu anayefukuzwa.

Kaka alikuwa uani. Kulia kwake alikusikia, masikio hayakukatwa. Kesho yake akamletea wifi kibao. Aliandika: *Iweke ile ya kunisemea.*

Nilikisoma kibao kile nikatoka nje, sikutaka waone uso wangu. Najua alichokuwa anakimeza. Mtu aliyekataa programu ya wizi, aliyekataa kusemewa, sasa anaiomba yeye, kwa chaki, kwa sababu mkewe amelia.

Wifi akaipakua. Ya bure, ya halali, inajua Kiswahili. Ilikuwa na sauti ya kike na ya kiume, akachagua ya kiume, akamwonyesha mumewe pa kuandika na pa kubonyeza. "Jaribu taratibu, Mwalimu," akamwambia. "Mimi naangalia chai." Akaenda jikoni. Khanga ilikuwa mabegani, nywele wazi, kama mtu yeyote alivyo nyumbani kwake.

Mimi nilikuwa nachambua mchele pembeni. Kaka aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta herufi. Alichukua muda. Nilijua anachoandika hata kabla hajamaliza, nikaacha kuchambua kana kwamba kweli kuna mtu anakuja. Akabonyeza.

"Ashura," ikasema spika. Sauti ya mtu wa puani, kijana, wa mji ambao siujui. "Ashura. Njoo."

Mimi, dada yake wa tumbo moja, niligeuka kutazama mlango wa nje.

Na kule jikoni sikusikia "Abee." Nilisikia kifuniko cha sufuria kikidondoka. Pazia likasogea kidogo, na wifi alikuwa nyuma yake, khanga imeshapanda kichwani, ameikusanya chini ya kidevu kwa ngumi. Akasema kwa ile sauti yake ya kupokea wageni:

"Karibu. Mwenyewe yumo ndani."

Kisha akaona sebule haina mgeni. Akaniona mimi na sinia la mchele. Akamwona mumewe, kidole bado kimesimama juu ya kitufe.

Hakuna aliyecheka. Siku nyingine ningecheka mpaka nikojoe. Wifi hakuishusha khanga, nadhani hakujua kama imo kichwani. Kaka aliitazama ile khanga, akachukua kibao, akafuta kwa kiganja, akaandika neno moja: *Itoe.*

"Nitazoea, Mwalimu," wifi akasema. "Mara ya kwanza tu. Nitazoea."

Kaka akalipigia mstari lile neno, chaki ikavunjika.

Wifi akaitoa ile programu kwenye mashine. Haikuchukua muda. Kisha akaleta chai, akammiminia, naye kaka akaivuta khanga ile kutoka kichwani kwake akaiweka mabegani pake pa kawaida. Walikunywa. Hakuna aliyeigusa kompyuta, na sasa nimeifunika kitambaa kwa sababu ya vumbi.

Hatutafuti programu nyingine. Burhan alileta habari za moja mpya, nikamwambia aache. Kibao kipo, chaki zipo. Lakini jana nilikuwa nimekaa kizingitini, kaka kwenye mkeka wake, wifi jikoni ametupa mgongo anapuliza moto. Nikaona kinywa cha kaka kinafunguka. Kitambaa cha shingoni kikapanda, kikashuka. Kikapanda tena. Wifi akaendelea kupuliza.

"Wifi," nikasema, "unaitwa."

"Abee," akaitika, akanigeukia mimi.