Mlio wa Grenda

Barua ya malalamiko ilirudi mara ya tatu, na safari hii Asifiwe nusura aichane palepale mbele ya mtendaji wa mtaa.

"Mwalimu, umeandika 'sauti kali'," Bwana Kondo alisema, akiigonga karatasi kwa kalamu. "Pilipili kali, jua kali, mbwa mkali. Hiyo grenda ya jirani yako Mwinjuma, ya kukatia vyuma, ni kali vipi?"

Mara ya kwanza aliandika "kelele", akaambiwa Chamazi nzima ni kelele. Mara ya pili "sauti nyembamba", Kondo akacheka, eti hata kinanda cha kanisani kina sauti nyembamba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa! Mtu anaishi mbali na Mwinjuma, yule fundi mageti, analala usingizi wake mtamu, halafu anasahihisha insha za wenzake. Asifiwe, aliyefundisha Kiswahili miaka tisa, alikaa kwenye benchi akaandika upya kwa hasira: mlio mwembamba, wa kukwaruza, unaopanda mpaka meno yanaingia ganzi, unaotoboa masikio na kubaki kichwani hata mashine ikizimwa.

"Hapo sawa. Na zaidi yako, nani mwingine anaumia?"

Hapo akaongopa. Aliandika kwamba mwanawe Noela, wa miezi saba, hushtuka na kulia. Ukweli ni kwamba Noela hakuwa msumbufu hata chembe. Majirani walimwonea mama yake gere.

Kesho yake asubuhi Kondo alikuja nyumbani kwa Asifiwe kujionea. Mwinjuma, kanuna, akawasha grenda upande wa pili wa ukuta, ikauma chuma. Kondo akaziba masikio yote mawili. Asifiwe alitamani kucheka kwa ushindi.

"Haya, huyo anayeshtuka yuko wapi?" Kondo alipaza sauti.

Noela alikuwa amekaa mkekani, kaupa ukuta mgongo, anachezea kijiko. Hakugeuka.

"Mbona katulia hivyo? Mwalimu, umenidanganya?"

Asifiwe alitafuta uongo mwingine wa kuufunika ule wa kwanza. Alimtazama mtoto. Grenda ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Bega la Noela halikutikisika. Akapiga magoti nyuma yake, akapiga makofi. Akapiga tena. Hofu ikamshika. Akamwita, "Noela!", kwa ukelele uliomfanya Mwinjuma azime mashine na kuchungulia juu ya ukuta kuuliza kuna nini.

Mtoto aliendelea kugongagonga kijiko chake sakafuni.