Mapigo Haya ni ya Nani

Wodini walimwita Chapchap, na jina halikumwonea. Muuguzi yule alitembea kama mtu anayekimbia mvua. Jumamosi alimzika dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Jumatatu asubuhi akawa kazini. Waliompa pole aliwajibu, "Nimeshapoa," akahamia kitanda kingine.

Wiki ya tatu akakosea. Alimpima mapigo ya moyo mgonjwa wa kitanda cha tano, fundi cherehani mstaafu, akaandika mia moja ishirini na nne kwa dakika. Daktari aliposoma faili akaagiza dawa ya kuyapunguza. Bahati nzuri Sista Mkuu, msimamizi wa wodi, hakuwa mtu wa kutoa dawa ile bila kupima tena. Yeye akapata sabini na mbili.

"Ulimshika kwa kidole gani?" alimuuliza Chapchap ofisini.

Chapchap akatazama mkono wake. Hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anajua kwamba kidole gumba kina mapigo yake. Ukipimia hicho, unajihesabu mwenyewe.

"Gumba, Sista."

"Basi mapigo haya ni ya nani?"

"Yangu."

"Mganga hajigangi, mwanangu, lakini wewe umezidi." Sista Mkuu akafunga faili. "Utakaa stoo ya mashuka siku kumi na nne. Kila siku kabla ya zamu, keti dakika kumi, jishike kwa vidole vitatu, vuta pumzi, hesabu, andika. Usiporuka hata siku moja, utarudi kwa wagonjwa. Ukiruka, nakuhamishia masjala, ukalinde mafaili mpaka ustaafu."

Nyumbani palikuwa na kitanda kitupu cha dada. Wodi ikiondoka nayo, angebaki na nini? Chapchap akachukua daftari.

Siku ya kwanza, dakika ya pili haijaisha, akajikuta anakunja foronya kwa mkono wa pili. Akaitupa, akaanza upya. Siku ya tatu dobi wa hospitali akachungulia.

"Chapchap, umekaa? Leo jua limechomoza wapi?"

"Nipo kazini, kaka."

"Kazi ya kufumba macho? Mimi nikiifanya nyumbani, shemeji yako ananiita mvivu."

"Hajakosea. Funga mlango."

Hesabu ilikuwa imempotea. Akarudi kwenye moja.

Siku ya sita, alichokuwa anakikimbia kikamkuta ameketi. Kichwani alimsikia dada akikohoa chumba cha pili nyumbani, kikohozi kilekile ambacho Chapchap alikuwa akikijibu, "Nitakupeleka ukapimwe nikipata nafasi." Nafasi ilichelewa kupatikana. Miguu ikataka kusimama. Hakuipa ruhusa. Alilia mpaka kola ikalowa, vidole vitatu vikiwa palepale kwenye kifundo cha mkono. Akaandika: mia moja na kumi. Pembeni akaongeza: nimemlilia dada. Kesho yake akaketi tena.

Siku ya kumi na nne, dakika ya nne, mlango ukagongwa.

"Toka," akasema Sista Mkuu. "Wauguzi wawili wanaumwa, wodi imefurika. Hii ya leo nimekusamehe."

"Bado dakika sita, Sista."

"Hukunisikia?"

Chapchap alijua huenda anamwaga unga wake mwenyewe. Hakufumbua macho. "Nimesikia. Zamu yangu bado robo saa. Nikitoka sasa nitatoka mbio, na mbio zangu umeziona."

"Unanibishia?"

"Ninakutii. Wewe ndiye uliyesema nisiruke."

Kisha viatu vya Sista Mkuu vikaondoka, vikigonga sakafu kwa hasira. Moyo wa Chapchap ukaruka. Akausubiri ushuke, akahesabu upya. Themanini na moja. Akaandika, akafunga daftari.

Alimkuta Sista Mkuu akibadilisha dripu, jasho likimtoka.

"Kitanda cha kwanza mpaka cha nane ni vyako," akasema bila kugeuka. "Na kesho usinichezee. Siku kumi na nne zimeisha."

"Ulizonipa zimeisha, Sista. Kuanzia kesho ni zangu. Nitakuja mapema zaidi, nikae, halafu ndipo uniite."

Sista Mkuu akamtazama, akaguna, akarudi kwenye dripu yake. Chapchap akakunja mikono ya sare, akaenda kunawa.