Pantoni Tuliyoiacha

Tulikuwa wanawake kumi na wanne wa parokia, wote wa Mpanda, na wengi wetu hatukuwahi kuiona bahari. Treni ilitutoa Mpanda Jumanne, tukalala stesheni ya Tabora juu ya kanga zetu, hata tunashuka Dar es Salaam miguu imevimba kama mihogo iliyolowekwa. Mwaka ulikuwa tisini na tano. Tulialikwa kwenye sherehe za akina mama, na siku ya mwisho wenyeji wetu wakatupa basi dogo na katekista mmoja mtu mzima, Evarist, atutembeze mjini.

Evarist alijua kusimulia. Alisimama karibu na dereva, shati lake jeupe limenyooshwa mpaka kwenye kola.

"Mama zangu, kushoto ndiyo bandari. Zile shingo ndefu ni winchi."

"Shingo hizo zinakula nini?" akauliza Generosa, jirani yangu wa mtaa wa Makanyagio, ambaye mdomo wake haujapumzika tangu abatizwe.

"Zinakula makontena, mama."

"Basi hazishibi kamwe."

Basi zima likacheka. Nilicheka na mimi, lakini mkono wangu ulikuwa kifuani, juu ya barua. Barua hiyo ilitufikia mwaka sitini na tisa, imeandikwa na padri. Ilisema kaka yangu Thadei, kuli wa bandari hiyohiyo, amefariki kwa homa, amezikwa makaburi ya mjini, mstari wa tatu kutoka ukutani. Hakuna aliyeweza kwenda. Mama alitenga mahali pa kaburi kando ya pale atakapolala yeye, kule kwetu tulikozaliwa, Ilembo, akasema, "Hata udongo wa juu yake, mniletee." Alikufa akiungoja. Katika watoto wake nimebaki mimi peke yangu, na treni yetu ya kurudi ilikuwa jioni ileile.

"Sasa kimebaki kimoja," Evarist akatangaza. "Pantoni! Tunavuka kwenda Kigamboni, tunarudi, tunawahi stesheni."

Vigelegele vikapigwa. Generosa alikuwa anaiota pantoni tangu Kaliua. Alikuwa amewaahidi wajukuu wake atawasimulia mpaka rangi ya bomba la moshi.

Nikasimama. "Samahani, baba. Makaburi ya mjini ni karibu? Nataka kumsalimia kaka yangu."

Nilidhani ni jambo la kupita tu. Kwetu Ilembo, ukiuliza kaburi la fulani, hata mchunga mbuzi atakuonyesha kwa fimbo.

Evarist akaipokea ile barua, akaisoma, akaangalia saa. "Bibi, ni upande mwingine kabisa. Tukienda huko, pantoni hakuna. Na basi ni la wote, siwezi kuamua peke yangu."

Nikaona aibu. "Basi twendeni pantoni," nikasema. "Amengoja miaka ishirini na sita, amezoea."

"Kaa chini, Mama Hana!" Generosa akanikaripia. "Dereva, geuza gari. Pantoni ni bati linaloelea tu."

"Na wajukuu zako?" nikamuuliza.

"Nitawadanganya. Nina kipaji."

Hakuna aliyepinga. Hata mmoja.

Makaburini tulimkuta mlinzi mzee, akatufungulia daftari. Kurasa za miaka ile zilikuwa zimeliwa na mchwa. Akatupeleka mpaka mstari wa tatu. Makaburi ishirini na mawili, misalaba imeoza, hakuna jina, majani yanafika magotini. Nikatembea huku na huku, natafuta alama gani hata sijui. Nikaanza kulia, maana niliona nimempoteza mara ya pili.

Nyuma yangu nikasikia majani yanang'olewa. Generosa alikuwa ameinama.

"Hatujui ni lipi, basi tunapalilia yote," akasema. "Na nyie mmesimama kama wageni rasmi? Njooni!"

Wakulima sisi, kupalilia hatufundishwi. Tukajifunga kanga kiunoni, kila mtu akashika kaburi, akimaliza anahamia jingine. Evarist akavua viatu, akakunja mikono ya shati lile jeupe. Alikuwa anakata majani juujuu, mizizi anaiacha.

"Ng'oa na mzizi, katekista! Au kwenu magugu yanasamehewa?" Generosa akapaza sauti.

"Nimekosa, mama," akajibu, jasho linamtoka, na akarudia upya.

Mstari wote ukawa mweupe kama ua uliofagiliwa. Nikachota udongo kidogokidogo, kaburi kwa kaburi, yote ishirini na mawili, nikaufunga kwenye kitambaa. Kati ya hao mmoja ni kaka yangu. Waliobaki ni watoto wa watu, nao pengine mama zao waliwatengea mahali. Tulipanda treni kucha zimejaa udongo, na mpaka leo sijui niwashukuruje wanawake wale.

Ilembo tuliuzika kando ya mama. Padri akauliza anamwombea marehemu gani. Nikamwambia, ishirini na wawili. Akanitazama, kisha akawaombea wote bila haraka, na Generosa aliitikia kwa sauti kubwa kuliko sisi wenye msiba.