Bado Yenye Tabasamu

Fundi alipopata kazi ya kufundisha useremala wa mkono ughaibuni, mama yake alianza kumwita "mwalimu" siku hiyohiyo, viza hata haijatoka. Ukoo mzima ukafuata. Kwa hiyo msimamizi wa karakana alipomwambia, "Wiki ya nne nakuja kukalia vigoda vya wanafunzi wako, vikiyumba darasa nalifunga," fundi akajiona anarudi nyumbani na huo ualimu umegeuka jina la kumchekea hadi kaburini.

Lugha ya kule hajui hata salamu. Mkalimani wake ni mpwa wake, nesi, mwenyeji wa huko miaka mingi. Siku ya kwanza tu akamvuta pembeni.

"Mjomba, huku watu hawafokewi."

"Nani kafoka?"

"Umemwambia yule mwanafunzi wako daktari wa meno ameshika patasi kama anaua nyoka."

"Uongo?"

"Kweli, ila mimi nimemtafsiria ana mkono wenye nguvu. Mtu akikuletea kazi, tabasamu, itikia kwa kichwa, aone umethamini. Kisha ndiyo umkosoe."

Basi fundi akawa mpole mpaka mashavu yakamuuma.

Sasa, kigoda kina miguu minne. Kila mguu unachongwa ulimi juu, ulimi unazama kwenye tundu la kikalio, ukae kimya, usicheze. Wiki ya tatu, wiki ya kukagua hizo ndimi, mpwa akabanwa na zamu hospitali. Fundi hakuona taabu. Yeye mwenyewe baba yake mdogo alimfundisha kazi nzima kwa neno moja tu.

Akaja yule daktari wa meno, bibi aliyekwisha kustaafu, na mguu wa kigoda chake. Fundi akauwekea guniya, kile kipimo cha pembe, mwanga ukapita upande mzima: ulimi umepinda. Moyo unalia, meno nje. Akaitikia kwa kichwa.

"Bado," akasema.

Bibi akaondoka anang'aa. Akaja dereva wa treni. Tabasamu, kichwa, "bado." Wote sita wakapata bado zao, darasa likawa na furaha kama harusini.

Wiki ya nne fundi na mpwa wanaingia karakana, wanakuta wanafunzi wamewahi. Vigoda sita vimesimama, vimepigwa gundi, vimekauka, vinawaka vanishi. Na msimamizi, na tai yake, keshakaa juu ya kile cha daktari wa meno. Tak, kushoto. Tak, kulia.

Fundi akamgeukia mpwa. "Nani kawaambia wapige gundi?"

Mpwa akawauliza. "Wanasema wewe."

"Mimi?"

"Ulimkagua kila mtu, ukamwambia bado."

"Sasa bado si bado?"

Mpwa akauliza tena, akarudi kaziba mdomo. "Wanadhani maana yake safi sana. Daktari wa meno kamwandikia mjukuu wake aliyefaulu mtihani: hongera, bado."

Tak. Tak. Msimamizi akataka kujua kinachosemwa.

"Nimwambie nini, Mjomba?"

"Ukweli. Na leo usiutie sukari."

Fundi akakunja uso wake wa kwao, akajisikia mzima. Akakiweka kigoda juu ya meza, akakitia vipande vya karatasi chini ya mguu mfupi mpaka kikatulia, akazungushia miguu yote mstari wa penseli. Kisha akamkabidhi msimamizi msumeno.

"Mwambie anayeyumba ni yeye, basi akate yeye."

Msimamizi akatupa tai begani, akakata. Msumeno ukaenda njia yake, mstari ukabaki na yake. Fundi akakagua bila hata jino moja kuonekana.

"Bado."

Darasa likavuta pumzi kwa pamoja, kisha likaangua kicheko mpaka bibi akashika meza. Sasa wameelewa. Mstari mpya, msumeno, bado. Mstari mwingine, msumeno, bado. Msimamizi jasho linamtoka, koti kalitupa, hataki kusaidiwa. Mara ya nne akakaa. Kimya. Kigoda hakikutikisika hata chembe, ingawa magoti yalikuwa usawa wa kidevu.

Akasema kitu bila kuinuka.

"Anataka nafasi awamu ijayo," mpwa akatafsiri. "Kama mwanafunzi."

"Kwa hiyo awamu ijayo ipo?"

"Ndicho anachosema, Mjomba."

Fundi akainama, akamtoa msumeno mkononi taratibu, maana macho ya msimamizi yalishahamia kwenye kigoda cha dereva wa treni.