Mtahiniwa Namba Saba

Severini alikuwa na miaka arobaini na tisa na hakuwa na cheti chochote. Kwa miaka ishirini magari yalivutwa kwa kamba hadi gereji yake ya Majengo, yakatoka yakiunguruma. Lakini mwaka 1996 Mpanda ikatangaziwa kwamba magari ya serikali yatashikwa na mafundi wenye vyeti tu.

"Si ukafanye huo mtihani," mkewe Mariana alimwambia. "Unaogopa nini?"

Hakuogopa mtihani. Aliona haya, maana mtahini aliyeshuka kwenye treni ya Tabora alikuwa Method. Method alijifunza kushika spana kwake, miaka mitatu, kisha akaenda chuo na hakurudi tena.

Siku ya mtihani Method alimkuta Severini getini. "Shikamoo baba," akasema kwa sauti ya chini. Walipoingia uwanjani akafungua faili na kuita kwa nguvu, "Mtahiniwa namba saba!"

Severini alipenda hivyo. Hakutaka kubebwa.

Mbele yake palikuwa na Land Rover ya petroli. Wenzake sita walikuwa wameshaijaribu, wote wakatoka wakitikisa vichwa.

"Injini inazunguka lakini haiwaki," Method alisema. "Una dakika arobaini. Nataka kosa, na umelijuaje."

Severini alipiga stata, akasikiliza. Ilizunguka kwa nguvu, kwa hiyo betri na stata ni nzima. Lakini haikukohoa hata mara moja. Akachomoa plagi, akaiegemeza kwenye chuma cha injini, akamwomba Method azungushe. Cheche ya buluu ikaruka. Moto upo. Plagi yenyewe ilikuwa imelowa, kwa hiyo mafuta yanafika. Akafuata nyaya za plagi moja moja, zilipangika sawasawa. Method alipozungusha tena, akaweka kiganja kwenye ekzosi, akahisi injini inapumua vizuri.

"Zimebaki dakika kumi na mbili," Method alisema.

Jasho lilimtoka Severini. Moto upo, mafuta yapo, hewa ipo. Akavirudia vitu hivyo vitatu kichwani. Moto aliuona kwa macho. Hewa aliihisi kwa mkono. Mafuta je? Aliona tu plagi imelowa. Imelowa nini?

Akalegeza bomba la kabureta, akakinga matone kiganjani, akangoja. Petroli hupoza ngozi na kukauka upesi. Haya hayakukauka. Yalibaki yakiteleza. Akayanusa, akakumbuka kibatari cha mama yake.

"Hii si petroli," alisema. "Ni mafuta ya taa."

Uso wa Method haukubadilika. "Thibitisha."

Severini akamwaga yaliyokuwemo kwenye tangi na kabureta, akafuta plagi zote, akaweka petroli safi. Stata ya kwanza, kimya. Ya pili ikakohoa. Ya tatu, Land Rover ikanguruma, moshi mweupe ukatapakaa uwanjani, na wale wenzake sita wakapiga makofi.

Method aliandika kwa muda mrefu, kisha akafunga faili.

"Mtego huu umeutoa wapi?" Severini akamuuliza. "Mimi sikukufundisha."

"Niliuziwa mafuta ya taa kwenye dumu njiani, baba, nikidhani ni petroli. Nikafungua injini nzima porini. Nilihangaika siku mbili."

"Siku mbili!" Severini akacheka mpaka akashika bodi ya gari. Kisha akamtazama yule kijana mwenye kalamu mfukoni na mafuta kwenye kucha, kifua kikamjaa. "Na ukaugeuza mtihani. Safi sana, mwanangu."

Jioni aliingia nyumbani akitembea kama bwana harusi. Mariana akaacha kupepeta mchele.

"Ehe, umefaulu?"

"Mariana, yule Method anatunga mtihani! Watu sita amewalaza chini!"

"Nakuuliza wewe."

"Yule mtoto tulimlea vizuri, mke wangu."

"Severini! Umefaulu au hujafaulu?"

"Nimefaulu," alisema, akavuta kigoda ili aanze kumsimulia tangu mwanzo.